Chenga za Pembeni

Ilipofika saa nne asubuhi kamera ilikuwa imeshuka mpaka nyuzi tisini chini ya sifuri, na Twilumba Sanga, aliyekuwa akiishusha taratibu tangu alfajiri, alikuwa na masweta mawili mwilini na kikombe cha chai ya tangawizi mkononi. Wageni kutoka joto la pwani walipotembelea Nyumba ya Baridi walimwonea huruma. Walimwona mama wa miaka hamsini na saba, kajifunga mtandio hadi masikioni, anahangaika na mabomba yaliyoota sakitu, ile barafu nyembamba ya umande, wakadhani ameadhibiwa. Wala hawakujua kwamba Makete nzima hapakuwa na mtu aliyeipenda kazi yake kama huyu. Pampu ilipotulia na namba za halijoto zikaanza kuteremka moja moja, Twilumba alisikia raha ambayo hakuwahi kuipata kanisani, na hilo hakumwambia mchungaji.

Siku hiyo raha ilikuwa maradufu. Jumatatu ijayo wangefika wageni wa Nyumba za Baridi kumi mpya, kutoka Singida hadi Sumbawanga, kila mmoja akija kujifunza namna ya kuupata ukimya wa kamera. Mwalimu wao angekuwa yeye. Barua ya uteuzi alikuwa ameibandika jikoni kwake, mahali ambapo mumewe hawezi kupika uji bila kuisoma.

Mlango wa nje uligongwa. Akaingia mwanamke mnene, mwenye uso wa bashasha, kabeba kikapu chenye mabonge ya sufu na sindano za kufumia.

"Kamwene, mama," alisema yule mgeni kwa salamu ya kwao.

"Kamwene. Karibu ndani, funga mlango, usituletee joto."

"Joto!" Mgeni alicheka, mvuke ukamtoka mdomoni. "Haya, nimefunga. Naitwa Gaudensia Haule, natoka upande wa Ludewa. Nafuma masweta. Nimeleta ulezi."

Twilumba akatabasamu, lile tabasamu la daktari anayeletewa mtoto asiyeumwa. Ulezi! Tangu nyumba ile ifunguliwe, miaka kumi na mmoja, ulezi wa kale ulioletwa haukuwahi kukutwa hai hata fungu moja. Mpaka vitabu vya shule vilikuwa vimeandika hivyo, kwamba ulezi haudumu. Lakini sheria ilikuwa sheria. Baada ya ile miaka ya kutu, ugonjwa ulipoteketeza nafaka za nchi nzima kwa sababu zote zilikuwa za aina moja, kila mbegu ya zamani iliyookotwa darini, ghalani au ndani ya kibuyu ilipaswa kupimwa kabla haijagusa udongo. Ikikutwa hai na safi, mwenyewe anapewa hati ya uhai na kurudi nayo kwake. Ikikutwa imekufa, inasagwa siku hiyo hiyo, unga wake unasomwa na kuhifadhiwa kwenye mashine kama kumbukumbu. Mbegu haipandwi tena, ila jina lake linabaki.

Gaudensia alifungua kitambaa. Ndani yake kulikuwa na punje arobaini, nyekundu iliyofifia, ndogo kiasi kwamba ukipiga chafya umefilisika.

"Ndizo hizi tu?" Twilumba aliuliza.

"Ndizo hizi tu. Nilizikuta kwenye kibuyu cha marehemu mama."

"Na zikikutwa zimekufa, unajua taratibu?"

"Najua. Mnasaga." Gaudensia alisema hivyo bila kutabasamu. "Lakini ulezi haufi ovyo, mama. Bibi yangu alikuwa anauweka ghalani mpaka anausahau, miaka ishirini, thelathini. Njaa ikija ndipo anaukumbuka."

"Kuula ni jambo moja, kuota ni jambo jingine," Twilumba akajibu kwa upole wa mtu aliyelijibu swali hilo mara nyingi. "Nawa mikono, njoo tuangalie."

*

Kwa miaka ya karibuni ilikuwa desturi ya nyumba ile kwamba mwenye mbegu hushuhudia. Gaudensia akakaa kwenye kigoda kando ya kamera, akatoa sufu yake ya bluu, akaanza kufuma, huku Twilumba akipanga punje kwenye sahani ya chuma kwa kibanio chembamba. Sahani ilikuwa na shimo katikati, la punje kubwa kama hindi au harage. Mbegu ndogo zingezama humo, kwa hiyo zilipangwa kwenye mfereji mwembamba uliozunguka ukingo, kama shanga kiunoni. Twilumba alidondosha tone moja moja la maji, akafunika, akazima taa.

"Sasa tunasubiri nini?" Gaudensia aliuliza gizani.

"Mbegu hai ikinyweshwa, kiini chake kinaamka. Kikiamka kinatoa mwanga."

"Mwanga gani? Mbona mimi nimeloweka maharage maisha yangu yote sijaona yakiwaka?"

"Ni kidogo mno. Chembe mbili tatu kwa dakika. Jicho haliwezi. Kamera inaweza, ila kamera nayo ina tatizo lake." Twilumba alilipenda tatizo hilo kama mama anavyompenda mtoto mtundu, na sauti yake ikachangamka. "Ndani ya kamera kuna kihisi, kisahani cha kupokea mwanga. Kikiwa na joto, hata joto la kawaida kabisa la humu ndani, joto lenyewe linakitikisa. Kinajidanganya kimeona mwanga wakati hakuna. Picha inajaa vidoa vidoa. Sisi tunaviita chenga."

"Chenga za mchele au za mpira?"

"Za televisheni, mama. Zile za zamani, antena ikikaa vibaya." Wote wawili wakacheka. "Sasa ukikipoza, kinatulia. Kila ukishusha nyuzi saba, chenga zinapungua nusu. Ndiyo maana unatuona tunatetemeka humu. Chenga chache zinazobaki, kuna programu inazisafisha. Tunaiita Msafi."

Dakika ishirini zilipita. Kwa kawaida picha ghafi ilipita kwenye skrini kufumba na kufumbua, Msafi akaichukua, akairudisha nyeusi na safi, na kama kulikuwa na mwanga wa kweli ukaonekana. Lakini asubuhi hiyo Msafi alikuwa anaandaliwa kwa ajili ya zile nyumba kumi, na watu wa Dodoma waliomwandika walikuwa hawajamaliza. Kwa hiyo picha ghafi ikabaki pale pale, haisogei. Twilumba alikuwa hajaitazama picha ghafi kwa utulivu kwa muda wa miaka mingi, kama vile mtu asivyotazama nyanya zikiwa bado hazijaoshwa.

Ilikuwa na vidoa huku na huko. Gaudensia aliacha kufuma.

"Hizi ndizo chenga?"

"Ndizo."

"Na hizi za pembeni?"

"Hizo nazo chenga. Hizo ndizo za kwanza kufutwa."

"Mbona zimekaa kwenye mstari?"

Twilumba akasogeza uso karibu na skrini. Vidoa vya katikati vilitapakaa ovyo, kama chenga za kweli zinavyopaswa. Lakini vile vya pembeni vilikuwa vimejipanga duara, kimoja, nafasi, kimoja, nafasi, vimefuata mfereji sawia. Chenga haina adabu ya namna hiyo. Chenga haijui mfereji uko wapi.

"Inaweza kutokea," alisema, na yeye mwenyewe akasikia jinsi sauti ilivyokuwa nyembamba. "Ngoja tuishushe zaidi."

Alifungua koki ya naitrojeni, jambo ambalo hulifanya mara moja au mbili kwa mwaka. Mabomba yalilia, sakitu ikatambaa mpaka kwenye kishikio. Tisini na saba. Mia moja na nne. Namba zilipofika mia na kumi na nane alipiga picha ya pili, akakaa, akamtazama Gaudensia akimaliza mistari minne ya mkono wa sweta.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Nyuzi ishirini na nane ni nusu mara nne, yaani penye chenga kumi na sita ibaki moja. Kama duara lile lilikuwa chenga, lingekufa pamoja na wenzake.

Picha ilitokea. Katikati palikuwa peusi tii, kidoa kimoja hapa, kingine kule mbali. Pembeni duara lilikuwa palepale, halikupungua hata kidoa kimoja. Kwa giza lile jipya lilionekana vizuri zaidi.

Gaudensia alihesabu kwa sindano ya kufumia, pole pole. "Thelathini na tatu," alisema. "Mama, kati ya arobaini, thelathini na tatu. Zinaishi?"

Twilumba alisema ndiyo. Kisha akamwomba radhi, akamwambia akasubiri chumba cha wageni, kuna chai kwenye chupa. Mikono yake ilikuwa baridi na safari hii kamera haikuhusika.

*

Mlangoni mwa mashine kulikuwa na karatasi iliyopigwa plastiki, ya tangu mwaka wa kwanza, mwandiko wa Mwalimu Kastori Luvanda aliyeiunda mashine ile kwa mikono yake, akamfundisha Twilumba, kisha akastaafu mwaka huo huo kwa sababu ya kifua, kabla ya ulezi wa kwanza kuletwa. Ilisema hivi: CHENGA ZIKITOKEA PEMBENI, FUTA KWANZA. Kastori alipokwisha kuondoka, watu wa programu walipiga simu kutoka Dodoma kuuliza kanuni za usafi wa picha, na Twilumba aliwasomea karatasi hiyo neno kwa neno. Andikeni, aliwaambia, chenga hafifu za pembeni zifutwe kwanza. Walishukuru, wakaandika.

Alipiga simu. Ikaita mara sita.

"Mwalimu, shikamoo. Ni Twilumba."

"Marahaba. Sema haraka, niko kwa kinyozi, kichwa nusu." Nyuma yake mashine ilikuwa ikinguruma.

"Ile karatasi yako ya mlangoni. Chenga zikitokea pembeni, futa kwanza."

"Ndiyo. Bado ipo?"

"Ipo. Mwalimu, tufute nini?"

"Unaniuliza tufute nini! Kioo!" Mzee alikuwa anafoka kwa furaha, kama zamani. "Kioo cha mbele ya kamera! Kamera ikipoa, ukungu wa huko kwenu unashika pembeni mwa kioo, kwa kuwa ndipo kinapogusa chuma. Taa ile ndogo ya kuijaribia kamera kabla ya mbegu ikiwaka, ule umande unatawanya mwanga, unaonekana kama chenga. Unachukua kitambaa laini, unafuta, ndipo unapiga picha. Nilikuachia vitambaa dazeni nzima kwenye droo. Ulidhani ni vya nini?"

"Nilidhani vya miwani," alisema Twilumba.

Mzee akauliza taratibu, "Ninyi mmekuwa mkifuta nini?"

"Chenga zenyewe. Kwenye picha. Programu ndiyo inayozifuta."

"Tangu lini?"

"Tangu ulipoondoka."

Mashine ya kinyozi ilizimwa. Twilumba alimsikia mzee akihema kwa kile kifua chake kibovu, na alijua anapiga mahesabu yale yale aliyoyapiga yeye. Mahindi na maharage hukaa katikati ya sahani, hayo yalisalimika. Mbegu ndogo mpya huwaka kwa nguvu, hazifutiki kirahisi. Lakini mbegu ndogo na kongwe, zenye mwanga hafifu, zilizopangwa ukingoni, hizo zilifutwa kabla hazijatazamwa na mtu. Ulezi, mchicha, ufuta. Zilisagwa zikiwa hai.

"Ningeandika neno kioo," Kastori alisema mwishowe. "Neno moja. Karatasi ilikuwa na nafasi. Lawama hiyo tugawane, binti yangu, usiibebe peke yako."

Twilumba alimshukuru. Akaenda kwenye droo, akakuta vitambaa kumi na kimoja, cha kumi na mbili kilikuwa kwenye kasha la miwani yake. Alifuta kioo, akapiga picha ya tatu. Duara halikutoka. Basi, hapakuwa tena na pa kukimbilia.

*

Daktari Wendelin Chaula, mkuu wa nyumba, alikuwa kijana wa miaka arobaini, mwenye akili na mwenye huruma, na ndiyo maana mazungumzo yale yalikuwa magumu. Angekuwa mtu mbaya, Twilumba angejua la kufanya mara moja.

Alizitazama picha tatu. Akavua miwani, akajifikicha macho.

"Mafungu mangapi?"

"Ya mbegu ndogo, mia sita na arobaini. Nimeangalia sasa hivi." Twilumba hakumwambia kitu cha pili alichokiona daftarini alipokuwa akitafuta.

"Mama Sanga," alisema Wendelin, "naomba unisikilize kama mwanao. Kwanza, huyu mama tunampa hati yake leo, mbegu zake ziko hai, aende kwa amani. Pili, ile kanuni naiondoa kwenye Msafi kabla ya Jumatatu. Watu wa Dodoma hawataniuliza. Nyumba kumi zitaanza na programu sahihi. Kosa linakufa leo."

"Na waliosagiwa?"

"Mbegu zilizosagwa hazirudi. Ukiwaambia utawarudishia nini, uchungu?" Alikuwa anaongea taratibu, hakuwa na hasira. "Fikiria litakalofuata. Tumekaa miaka kumi na mmoja tukiwabembeleza watu watuletee mbegu. Kesho wakisikia tulikuwa tunasaga mbegu hai, nani ataleta tena? Watazificha, watazipanda bila kupimwa, na kutu itarudi. Wewe uliiona kutu, mama. Mimi nilikuwa mdogo."

Aliiona. Alikumbuka miezi minne ya viazi bila chumvi, na shamba la baba yake lililogeuka rangi ya bati kuukuu kwa wiki moja. Wendelin hakuwa anatia chumvi. Na kulikuwa na jambo jingine ambalo Twilumba alilijua vizuri sana na lilimtia aibu: alitaka Wendelin awe sahihi. Alitaka Jumatatu ifike, asimame mbele ya wale wageni kumi akiwa na sweta lake jipya, awaonyeshe jinsi ya kushusha namba moja moja. Nani angemkubali mwalimu aliyeshindwa kusoma karatasi ya maneno matano?

"Nikisema?" aliuliza.

"Ukisema, sitakufukuza. Lakini ile kazi ya ualimu siwezi kuitetea. Unalijua hilo."

"Nalijua."

Wendelin alichapa hati ya uhai, akaigonga muhuri, akampa. Ilikuwa nzuri, yenye picha ya duara la nuru katikati. Ilitosha kabisa kumfurahisha mtu yeyote asiyejua zaidi.

Kwenye kijia cha kwenda chumba cha wageni Twilumba alisimama, akaisoma tena. Kile alichokuwa amekiona daftarini kilikuwa kifupi. Miaka minane iliyopita, Gaudensia Haule, Ludewa, ulezi mwekundu, debe moja. Umekufa. Umesagwa. Na pembeni, saini ya Twilumba mwenyewe, yenye ule mkia mrefu aliokuwa akijivunia.

Angeweza kuitoa hati kwa mikono miwili na kusema hongera. Yule mama angefurahi. Angerudi Ludewa akimsifia. Na kila ambapo Twilumba angemkumbuka, angekumbuka kwamba alimpongeza kwa punje arobaini huku akijua liliko debe.

Akapiga moyo konde, akaingia.

*

Gaudensia alikuwa amekamilisha mkono mmoja wa sweta. Alipoiona hati aliinuka, akapiga kigelegele kifupi, akajizuia kwa kuwa ni mahali pa serikali.

"Kaa kwanza, mama," alisema Twilumba. "Ni yako, haiondoki. Lakini kuna neno lazima nikwambie, na ukishalisikia una haki ya kunifanya utakavyo."

Alimwambia yote. Hakuanza na Kastori wala na karatasi, maana alijua angeanza huko angekuwa anajitetea. Alianza na debe. Alisema, lile debe lako la miaka minane iliyopita lilikuwa hai, na mimi ndiye niliyeandika kwamba limekufa. Kisha akaeleza kioo, kitambaa, neno lililoeleweka vibaya, na ule mfereji wa pembeni.

Gaudensia hakupiga kelele. Aliweka sindano chini, moja sambamba na nyingine.

"Debe zima," alisema.

"Debe zima."

"Mama yangu alikuwa hai bado." Alikuwa anaangalia sakafu. "Nilivyorudi na gunia tupu alisema ni kosa lake. Kwamba aliuweka karibu mno na moshi wa jiko, ukaungua kiini. Alilisema hilo mpaka anakufa, mwaka wa pili yake. Sisi tulimwambia si hivyo, mama, ulezi haudumu, serikali imesema. Hakuwa anakubali. Alisema ulezi unadumu, ni yeye ndiye aliyeuua."

Twilumba alilia. Hakuwa mtu wa kulia kirahisi na hakujua afanye nini na uso wake, basi akaufunika na mtandio na kulia tu. "Nisamehe," alisema. "Nisamehe, dada yangu. Sina kingine."

Gaudensia akajifuta pua kwa kiganja.

"Hukulazimika kuniambia," alisema. "Nilikuwa naondoka zangu hapa nikikusifu."

"Najua."

"Basi na mimi nikwambie, maana nami si malaika. Hizi punje arobaini sikuzikuta kwenye kibuyu." Akakohoa kidogo. "Siku ile ya debe, kabla sijaingia kwako, nilichota konzi moja nikaifunga kwenye pindo la khanga. Sikuwaamini. Konzi yote iko nyumbani, ndani ya kopo. Hizi arobaini nimezileta kukujaribu."

Twilumba aliushusha mtandio. "Konzi nzima?"

"Nzima. Kuipanda nimeogopa, kutu nami niliiona. Kuitupa nimeshindwa. Nikawa nayo tu, naitikisa mara moja moja nisikie kama ipo." Sasa alimtazama usoni, na ile bashasha yake ilikuwa inarudi kwa mbali, kama mtu anayechungulia kabla ya kuingia. "Na wewe unadhani ni mimi peke yangu? Siku ile tulikaa benchi hilo hilo ulilokalia, wanawake tisa, kila mtu na ulezi wake. Tuliambizana kabisa. Dada, ulezi haufi, hawa watoto wa mashine hawajui kitu, bakiza kidogo. Tisa wote tulibakiza. Na tungekufa nazo hivyo hivyo, kwa maana nani angekuja kukiri kwa watu wasiokosea?"

Alikuwa ameshachukua simu kutoka kwenye kikapu. Aliweka sauti ya wazi, akaiweka mezani kati yao.

"Oliva? Gaudensia hapa. Ile konzi yako bado ipo?"

"Konzi ipi?" ilisema sauti ya mwanamke, kavu kama bisi.

"Ile."

"Mimi sina konzi yoyote. Nani anauliza?"

"Anauliza mama wa Nyumba ya Baridi. Anasema walikosea. Ulezi wetu ulikuwa mzima, wameusaga ukiwa mzima."

Jogoo akawika huko Oliva aliko.

"Amesema mwenyewe? Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake. Yuko hapa mbele yangu, analia."

"Basi mwambie amalize kulia kabla sijafika, kwa sababu mimi nikifika nina maneno mengi ya kumwambia, na sitaki kumwonea huruma." Kukasikika mlango wa kabati ukifunguliwa, vyombo vikigongana, kitu kikavutwa kutoka nyuma kabisa. "Ninayo. Nakuja nayo."

Twilumba alianza kucheka huku machozi yakimtoka. Alipogeuka akamwona Wendelin amesimama mlangoni, kalamu sikioni, na kwa namna alivyokuwa ameshika fremu ya mlango alikuwa amesikia kila neno.

"Mko wangapi?" Wendelin aliuliza.

"Wa benchi letu tisa," alisema Gaudensia, akitafuta namba ya pili. "Wa mabenchi mengine sijui. Vuta kiti ukae, mwanangu. Hii ni kazi ya mchana kutwa."